Chuma Alichofungulia Bibi Soda

Mtaani kwetu hakuna anayehitaji saa ya kumwamsha. Harufu ya mikate ya Mama Mikate inatosha. Mikate ikishaiva, mwenyewe anaifunga kwenye keria ya baiskeli yake na kuondoka. Ni baiskeli ya gia, yenye matairi mapana, ile ambayo watu huiita baiskeli ya mlima. Jina zuri, lakini mlima wenyewe ulikuwa umeanza kumshinda mwenye baiskeli.

Juu ya kilima kuna hospitali, na jiko la hospitali ndilo mteja wake mkubwa. Zamani alikuwa akipanda hadi juu bila kushuka. Sasa alikuwa akifika nusu, anashuka, anasukuma. Magoti yalimvimba. Alipofika juu, mikate ilikuwa imepoa na wagonjwa wameshakunywa chai kavu. Aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa akimngojea mlangoni na beseni la maji ya moto. Alimkanda magoti.

Mumewe ni fundi cherehani. Sisi majirani tunamwita Baba Sindano. Ni mtu mwema sana, ila akishika jambo haulizi mtu.

Siku moja mpishi mkuu wa hospitali alimwambia Mama Mikate, "Dada yangu, mikate yako naipenda. Lakini wagonjwa hawawezi kungoja. Jumatatu ukichelewa tena, itabidi nitafute mwokaji mwingine."

Jioni ile Mama Mikate hakugusa chakula.

"Tafuta mtu akupelekee, mwanangu," alisema Bibi, mama mzazi wa Baba Sindano, anayeishi nao. "Wewe ubaki na oveni yako."

"Hapana, mama. Kule juu wananijua kwa sauti. Napenda kwenda. Nikianza kukaa, sitasimama tena."

Kesho yake Baba Sindano alirudi nyumbani amekumbatia boksi kubwa, anatabasamu peke yake.

"Hii ni seti ya mota," alisema. "Gurudumu jipya la nyuma hili hapa, na mota imo katikati yake. Betri hii. Ukikanyaga pedali, mota inakusaidia kusukuma. Hakuna haja ya baiskeli nyingine. Ni hii hii yako."

"Na nani ataifunga?" mkewe aliuliza.

"Mimi! Mtu anayeshona koti na mifuko yake ashindwe na gurudumu?"

Alifunga gurudumu, akafunga betri kwenye fremu, akaunganisha waya. Kazi ilipoisha, ndani ya boksi vilibaki vishikio viwili vya breki, na kipande cha chuma kinene chenye tundu upande mmoja.

"Na hivi je?"

"Vya akiba," alijibu bila hata kuvitazama.

Akaipindua baiskeli, magurudumu juu. Mota ikaguruma kidogo, gurudumu likazunguka vizuri kabisa. Bibi akapiga vigelegele. Soda zikaletwa, lakini opena haikuonekana. Bibi akachukua kile kipande cha chuma, akakijaribu kwenye kizibo. Pwaa! Soda ikafunguka.

"Kumbe wametuwekea na opena!" alisema Bibi. "Hawa watu wana adabu zao."

Tangu hapo opena mpya ikatundikwa kwenye msumari wa jikoni.

Jumapili Mama Mikate alitoka kujaribu, na mfuko wa unga kwenye keria badala ya mikate. Kwenye barabara tambarare alienda kama mtu anayesukumwa mgongoni. Alicheka mwenyewe njia nzima. Akafika kilimani, akakanyaga. Nusu ya kilima, kraa! Gurudumu likakaa upande na baiskeli ikagoma. Alipoinama kutazama, waya wa mota ulikuwa umejiviringisha kwenye ekseli, ule mhimili wa katikati ya gurudumu.

Alirudi akisukuma, na sasa baiskeli ilikuwa nzito kuliko zamani. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akalia.

"Bora ungeniachia baiskeli yangu ilivyokuwa," alisema. "Sasa kesho nitapanda na nini?"

Maneno hayo yalimchoma Baba Sindano. Akakuna kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya: akaenda kugonga mlango wa jirani na kuomba msaada.

Jirani huyo ni mwanamke anayetengeneza pampu za maji. Jina lake la mtaani ni Fundi Pampu. Kazi anaijua, na kujisifu pia anakujua.

"Mota ni mota tu," alisema akiingia uani na mkoba wake wa spana. "Ivute maji, ivute mtu, kwangu mimi ni ile ile. Na mtaa huu haijazaliwa mota ya kunishinda."

Kwanza alichomoa betri. "Kabla hujagusa waya wowote, betri inatoka. Hapo hakuna mjadala." Akachuchumaa, akatazama ekseli. "Jirani, hapa pana chuma kimekosekana."

"Hakuna kilichokosekana," alisema Baba Sindano. "Nilifunga kila kitu."

Wakati huo Bibi alikuwa akitoka jikoni na soda ya mgeni. Akaifungua pale pale mbele yake. Fundi Pampu akabaki mdomo wazi.

"Bibi! Hicho umekitoa wapi?"

"Opena yangu? Ilikuja na baiskeli."

Fundi Pampu alicheka mpaka akakaa chini. Mama Mikate naye, na machozi yake bado mashavuni, akaanza kucheka. Baba Sindano peke yake ndiye aliyekuwa akitazama viatu vyake.

"Sikilizeni," alisema Fundi Pampu alipopata pumzi. "Mota ikisukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inataka kuzunguka kurudi nyuma. Hiki chuma ndicho kinachoikamata. Hili tundu linavaa ekseli, na mkia wake unafungwa kwenye fremu. Bila hiki, nati zinafanya kazi isiyo yao."

"Mbona pale uani gurudumu lilizunguka vizuri?" aliuliza Baba Sindano.

"Pale lilikuwa linazunguka hewani, halina mzigo. Mlimani, mota inatumia nguvu nyingi. Nati zikashindwa, ekseli ikazunguka, ikavuta na waya. Shukuru haukukatika. Ungekatika, tungekuwa tunaongea mengine."

Akaunyoosha waya, akaukagua kote kama umechubuka. Akasawazisha kwa tupa pale ekseli ilipokwangua fremu. Akavisha chuma kwenye ekseli, akakaza nati, kisha akafunga mkia wa chuma kwenye fremu kwa klipu ya kukazia mpira wa maji, kama zile anazotumia kwenye pampu zake.

Baba Sindano akadhani kazi imeisha. Fundi Pampu akabana breki, akakunja uso.

"Kupanda tumemaliza. Kushuka je? Raba za breki zimekwisha, na baiskeli sasa ni nzito. Funga mpya leo hii. Na hivi vishikio mlivyoviita vya akiba, ukivibana vinakata umeme wa mota. Bila hivyo unaweza kubana breki huku mota bado inasukuma."

"Tutafunga," alisema Baba Sindano kwa sauti ndogo.

"Betri unaichajia wapi?"

"Chumba cha cherehani. Juu ya vile vitambaa."

"Juu ya vitambaa! Unataka kutushonea moto? Weka kwenye sakafu ya saruji, mbali na nguo na godoro. Tumia chaja iliyokuja nayo, si nyingine. Chaji ukiwa macho. Ikijaa, chomoa. Betri ikivimba au ikianguka vibaya, usiichaji tena, niite."

Akakimbia kununua raba, akazifunga pamoja na vile vishikio; safari hii aliuliza, akauliza tena, na kila nati aliikaza mwenyewe huku jirani akitazama. Kabla jua halijazama, Mama Mikate alipanda kilima na ule mfuko wa unga, akiwa na helmeti kichwani. Akashuka polepole, akijaribu breki. Chuma hakikusogea.

Jumatatu asubuhi alitoka na mikate. Baba Sindano akajaribu kushona, akashona mkono wa shati kwenye kola. Akaacha. Akachemsha maji, akayatia kwenye beseni, akasimama mlangoni kama kawaida yake.

Mama Mikate alirudi mapema kuliko siku zote. Alishuka kwenye baiskeli bila kushika ukuta.

"Vipi?" mumewe aliuliza, roho juu.

"Mpishi ameshika mkate, akaniuliza kama oveni nimeihamishia langoni kwake. Ulikuwa bado wa moto, mume wangu! Anataka na wa jioni."

Baba Sindano akamtazama, akatazama beseni mikononi mwake. "Na magoti?"

"Magoti yapo, wala hayana neno. Maji hayo kaoge wewe, umetoka jasho kuliko mimi."

Lakini Bibi alikuwa ameshavuta kiti. Akavua ndala, akatumbukiza miguu yake kwenye beseni.

"Maji ya moto hayamwagwi mimi nikiwapo," alisema, kisha akamgeukia Baba Sindano. "Na wewe, mwanangu, usiingie ndani bado. Nenda dukani ukaninunulie opena."