Ufunguo wa Tatu

Suleimani hajawahi kusimulia mkasa huu bila kuanza na dhambi yake. Aliapa uongo. Alisimama karakanani kwake Masasi, udhu wa adhuhuri haujakauka mikononi, akamwambia mjane wa watu, "Wallahi, Mama Optatus, kifaa hiki kimetoka Dar juzi." Naye alijua fika kimetoka korongoni.

Mjane huyo, Scholastika, alikuwa na pikapu ya maji. Kila siku alishuka nayo mteremko wa Newala hadi chemchemi ya bondeni, akajaza tangi, akapanda kuwauzia watu wa mjini ambao mabomba yao hukauka wiki nzima. Siku moja mtu alimbustia betri iliyokufa kwa betri ya gari jingine, akageuza nyaya, na kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontrol boksi, ikaungua. Gari likavutwa hadi Masasi, maana Suleimani alikuwa na mashine ya kulipatanisha boksi geni na funguo za gari.

Boksi la aina ile alijua lilipo. Chini ya mteremko huohuo kulikuwa na gari la kijani lililopinduka miaka miwili nyuma, na hakuna aliyeng'oa hata nati moja. Wanawake waliokwenda chemchemini walikuwa wakidondosha unga wa mtama juu ya boneti, kiasi cha kubanwa kwa vidole viwili, kumwomba radhi anayekaa mle. Suleimani aliukuta ule unga. Aliupangusa kwa kiganja, hakutoa salamu wala hakusema bismillahi, akafungua boneti, akaling'oa boksi.

Kosa jingine lilikuwa la kazi. Fundi, kabla hajaliandika upya boksi lililotumika, husoma kwanza faili lake la asili akalihifadhi, ili mambo yakiharibika alirudishe lilivyokuwa. Lakini faili lile lilikuwa na namba ya gari la korongoni, naye hakutaka ushahidi ubaki. Alilifuta bila kubakiza nakala. Akaandika namba ya pikapu ya mjane, akalifunga boksi, kisha akaanza kuutambulisha kila ufunguo: akaingiza wa kwanza, akasubiri, akaingiza wa pili.

Mashine ikaandika: funguo tatu.

Alirudia. Tatu. Pua yake ikanasa harufu ya uji uliochacha, na alipochomoa soketi ya nyaya alikuta chembe za unga ndani yake, mahali ambapo hata vumbi halipenyi. Akazipuliza, akajiambia mashine imezeeka.

Mama Optatus hakuvuka geti. Injini iliwaka, ikanguruma sekunde mbili, ikazima, na taa nyekundu ya kinga ya wizi ikawa inapepesa. Suleimani akasogea aangalie. Alipogusa mlango, injini ikawaka yenyewe. Akarudi nyuma, ikazima. Wakajaribu mara nne.

"Gari limekupenda, Baba Pili," mama alisema. "Mimi mwenye mali linaniona mpita njia."

Ilibidi apande naye hadi Newala, kwa kuwa watu wa kule walikuwa wanasubiri maji. Akampigia mkewe Faidha kijijini Chiwata, akamwambia wasimsubiri chakula cha mchana, ila jioni Pili asilale kabla baba hajafika.

Walifika Newala adhana ya alasiri inatoka. Suleimani alishuka, akaelekea msikitini ng'ambo ya barabara, na katika hatua ya kumi na saba moyo wake ulipiga, ukapiga tena, ukazima, kama vile injini ilivyokuwa inazima, bila maumivu, kimya tu kifuani, na akaanguka kifudifudi huku macho yanaona. Scholastika alimburuta kwa kwapa kumrudisha. Mabega yalipogusa gurudumu, moyo ukawaka.

Mama akamwingiza ndani ya gari apumzike, akakimbia kutafuta maji ya kunywa, na hapo milango ikajifunga yote kwa pamoja, vioo vikapanda, na Suleimani, aliyekuwa amevunja na kufungua mamia ya vitasa maishani mwake, akavuta kitasa mpaka kikabaki mkononi, akapiga kioo kwa kiwiko, akaita, na sauti yake ikamrudia masikioni kana kwamba amezikwa, huku jua likichoma bodi na harufu ya uji uliochacha ikizidi, na kwenye swichi ya kuwashia gari, ambayo haikuwa na ufunguo wowote kwa maana funguo zote mbili Scholastika alikuwa nazo, akasikia kitu kinaingia, kinazunguka polepole, klik, kisha kinarudi, klik, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba yake na kukuta si wake.

Watu walimwita Mwalimu Abdulatifu wa madrasa. Alisoma akiwa ameweka midomo karibu na kioo, na mlango ukaachia. Akamshika Suleimani kichwa, akamuuliza aliyemo anataka nini. Jibu lilitoka kinywani mwa Suleimani, naye akalisikia kama wengine walivyolisikia.

"Nilikuwa nimekaa. Huyu kanitoa bila salamu. Nirudisheni."

Ndipo Suleimani akalia, akamweleza mjane kila kitu, korongo, unga na kiapo.

"Ungeniambia ni la korongoni," Scholastika alisema kwa upole, "ningekwenda na unga wangu mwenyewe nikaliombee ruhusa. Unga, Baba Pili. Ndiyo tu ulikuwa unatakiwa."

Akamsamehe palepale. Kisha akashika soketi ya boksi, akaichomoa ili mambo yaishe. Moyo wa Suleimani ukapiga mara mbili ukazima. Kabla macho yake hayajageuka, mama alikuwa ameirudisha.

Likabaki la kumrudisha mwenyewe kwake. Waliteremsha pikapu hadi korongoni, wakaiegesha ubavuni mwa gari la kijani. Scholastika akaweka unga juu ya boneti, Abdulatifu akasoma, na Suleimani akahisi kitu kinamtoka kifuani, baridi kama maji ya chemchemi. Taa ya gari la kijani, gari lisilo na betri miaka miwili, ikapepesa mara moja. Kitasa chake kikatikisika. Kikatikisika tena, kwa nguvu. Halafu baridi ile ikarudi kifuani mwake, taratibu.

"Halinitambui," kinywa chake kikasema. "Nyumba yangu ilikuwa na namba. Imefutwa."

Mwalimu akamgeukia Suleimani kwa kunong'ona. "Wewe ndiye fundi. Namba hiyo unaweza kuirudisha?"

Walikwenda kutazama. Kibao cha namba kwenye lile gari kilikuwa kimeliwa na kutu. Na hata kama kingesomeka, namba moja haitoshi. Linatakiwa faili zima, na faili alilifuta kwa mkono wake. Alipomweleza hivyo, Abdulatifu alifunga msahafu, akakaa chini.

Sasa Suleimani analala ndani ya pikapu, Newala, uani kwa Mama Optatus. Huipakia maji, huswali kwenye mkeka pembeni ya gurudumu. Faidha huja na basi kila Ijumaa na kumleta Pili, na mtoto amejifunza kuhesabu kwa kupima hatua za baba yake. Akifika kumi na sita humshika kanzu na kumvuta arudi.

Kila anayekuja kununua maji husimuliwa habari hii, kuanzia kwenye kile kiapo. Wapo wanaomletea dawa na hirizi. Huzikataa kwa adabu, halafu huomba jambo lilelile:

"Lile gari la kijani lilikuwa zima kabla ya kupinduka. Pengine kuna fundi aliwahi kulisoma, akahifadhi faili lake. Kama ni wewe, au unamjua, angalieni kwenye mashine. Mkilikuta, nileteeni."