Nta Nyeupe Chini ya Kikaushio

Asubuhi, mhandisi alipofungua mlango wa maabara, alikanyaga nta. Ilikuwa imetiririka kutoka kwenye kikaushio cha mboga ikaganda sakafuni, nyeupe pe. Vigae alivyovipanga ndani ya kikaushio vilikuwa vimebaki utando mweusi mtupu.

Alivibuni vihifadhi joto la jua: nta ikiyeyuka hunywa joto, ikiganda hulitoa. Ili isivuje, aliichanganya na unga wa grafiti, ule mweusi wa ndani ya penseli, akaushindilia mchanganyiko huo kwa mashine uwe vigae.

Mkaguzi wa usalama aliitwa. Wafanyakazi walimbandika jina la Bi Maswali, na hawakumwonea. Hata salamu yake ilikuwa swali.

"Mlango ulivunjwa?"

"Hapana. Jana jioni niliviacha vizima, nikakitega kikaushio kiwake alfajiri," mhandisi alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo wakubwa wakikaa kikao, mradi unafungwa na mimi naenda nyumbani."

Macho yote yalimwelekea mhandisi mwenzake, Bwana Tai, ambaye hakuficha kwamba alikitamani chumba kile.

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Kwa kinyozi, Bi. Hukioni kichwa?"

Kinyozi alipopigiwa simu alithibitisha, akaongeza kwamba mteja alinung'unika mpaka duka linafungwa.

Mkuu wa maabara, mzee mpole aliyemfundisha mhandisi kazi, alitikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Kigae kizuri hakiachi doa hata kwenye shuka. Hivi vimeshindwa."

Bi Maswali alichuchumaa, akavunja kipande cha nta. Kilikuwa cheupe hadi ndani. Akaukwangua ule utando, akaunusa: masizi.

"Vigae vyako ukivivunja, ndani vina rangi gani?"

"Vyeusi tii. Grafiti imeingia kote."

"Basi hivi si vyako. Hii ni mishumaa iliyoyeyushwa ikapakwa masizi." Akamgeukia Mkuu, sauti ikashuka kwa heshima. "Mzee wangu, vigae vya kukaushia mboga vilitafuta nini kwenye shuka?"

Mkuu alikitafuta kiti, akaketi.

"Binti yangu alijifungua jana usiku, kabla ya siku zake. Hospitali umeme ukakatika, mashine ya kumpasha mtoto joto ikazima. Nikavikumbuka vigae, vilivyokuwa bado na joto la jua la mchana. Sheria ya kutotoa kitu humu niliiandika mimi, nikaona haya kuomba. Niliweka vya bandia nikijua nitavirudisha vile halisi mapema. Sikujua kikaushio kimetegwa."

"Ukamwacha binti wa watu abebe lawama?"

"Nilimwacha. Woga ulinishinda. Nisamehe, mwanangu."

Mhandisi hakuuliza vigae viko wapi.

"Mtoto je?"

"Yupo. Wauguzi walivifunga kwa mashuka mazito wakamzungushia, vikatoa uvuguvugu mpaka umeme uliporudi. Havikuvuja hata tone."

Bi Maswali alijikuta anapangusa macho kwa kiganja, akamshukuru Mungu bila kujificha.

Wakubwa walipoingia, Mkuu hakungoja waketi. Alisema yote, akaweka funguo zake mezani, kisha akatoa simu yenye picha ya kichanga kilicholala. Hakuna aliyetaja tena kufunga mradi.

"Asante," Mkuu alimwambia mhandisi. "Ilipasa nianze na neno hilo asubuhi."

Mhandisi aliishika simu kwa mikono miwili, akilia na kucheka.

"Asante wewe, Mzee," alisema. "Mimi nilikuwa nawaza mboga tu."