Tochi ya Bunduki

Mwaka wa tisini na nane, mchana kweupe, rafiki yangu Msabaha alikuwa Guangzhou akichagua tochi fupi za kufunga chini ya mtutu wa bunduki, mzigo wa kampuni ya ulinzi huko Dar. Mwenye duka akamfungulia stoo isiyo na dirisha, aijaribu moja gizani. Msabaha alimwona mkewe Kazija, mwoga wa giza, akitangulia kuingia. Akamfungia kwa nje, akacheka.

"Baba Lulu, nifungulie!" Mlango ulikwaruzwa.

"Lia zaidi!"

"Unamliza nani, baba Lulu?" Kazija aliuliza nyuma yake. Ndiyo kwanza anarudi na betri za akiba.

Mkwaruzo haukukoma. Msabaha akainama, akamulika upenyo wa chini ya mlango. Vidole vilivyochomoza vilivaa pete ya Kazija, na kucha zote zilikuwa zimeng'oka.