Duka Lisilotoa Nyongeza

Asubuhi ile Theodora alifungua duka kwa mara ya kwanza. Akaondoa komeo, akafagia baraza, akamlaza mwanawe Damari kwenye katoni ya sabuni chini ya kaunta, kisha akapangusa mizani. Ulikuwa mwezi wa tisa mwaka sabini na sita, na vumbi la Manyoni lilikuwa halina adabu kwa mtu yeyote. Theodora ni dada wa mama yangu. Haya alimsimulia mama mara moja tu, na mama akanisimulia mimi huku amekasirika, maana ni hadithi ya kukasirisha kabla haijawa ya kutisha.

Nyumba yenyewe ilikuwa barabara kuu, ile inayotoka stesheni, yenye baraza refu na milango mitatu ya mbao. Waliopita humo ni wengi. Aliyeijenga alikuwa tajiri ambaye leo hakuna anayekumbuka kabila lake, kwa sababu kila kabila linasema hakuwa wa kwao. Akaja Mwarabu wa vitambaa. Baada ya Uhuru ikawa hoteli ya chai, ikawa bucha, ikawa ya fundi cherehani aliyesifika kwa suruali za bugaluu. Kila mmoja aliandika biashara yake juu ya mlango, akifuta ya mwenzake kwa chokaa, na mvua ikinyesha maandishi yote yalijitokeza kwa pamoja, ukasoma CHAI MOTO NYAMA SURUALI. Ilipokuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa, na nyumba ikapewa ushirika.

Theodora, binti wa kijiji cha Issuna mwenye darasa la nane na kozi ya miezi mitatu, ndiye aliyewekwa kuuza. Mumewe Nathanaeli alikuwa fundi wa reli, leo Itigi kesho Saranda, nyumbani anaonekana kwa nadra. Mwenyekiti wa kamati, Ndugu Manase, alikuja mwenyewe na kopo la rangi nyekundu, akaandika ukutani: KIPIMO NI HAKI YA WOTE. HAKUNA NYONGEZA.

Hebu fikiri. Nani asiyeijua nyongeza? Umepimiwa chumvi yako, mizani imetulia, na bado unakinga kiganja: niongeze basi. Muuzaji ananung'unika, anakuuliza kama unataka kumfilisi, halafu anakutilia kidogo na mnaagana mnacheka. Lakini Ndugu Manase alikuwa na hoja yake. Alisema nyongeza ni upendeleo, anayejuana na muuzaji anapata na asiyejuana hapati. Theodora alimwamini kwa moyo wote.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepinga, Mzee Gabrieli, aliyekuwa mpimaji wa yule Mwarabu na sasa mlinzi wa duka. Alikuja siku ileile ya kufungua, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Damari, katika nyumba hii nyongeza hutolewa. Hata chembe. Hasa kwa mteja wa mwisho kabla hamjafunga mchana."

"Shikamoo mzee. Maandishi yale unayaona?"

"Marahaba. Nayaona, macho ninayo." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mchana huohuo, saa sita na nusu, Theodora akiwa anajiandaa kufunga, aliingia Mwalimu Kristina kununua kilo ya chumvi. Akapimiwa. Akapokea kifurushi kwa mkono wa kulia. Kisha akanyoosha wa kushoto.

"Niongeze."

Theodora alicheka. Kristina huyuhuyu alikuwa akichapa watoto shuleni kwa kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto! Akamwonyesha ukuta. Kristina hakuutazama ukuta, wala hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama chini, kwenye ile katoni. Akakaa hivyo kwa muda, mkono umenyooka, halafu akatoka.

Jioni walikutana kisimani. Theodora akamtania, "Mwalimu, leo ulitaka kunifukuzisha kazi kwa nyongeza."

"Nyongeza gani?" Kristina alishangaa kweli. "Mimi nimenunua chumvi nikaenda zangu."

Kesho yake mteja wa mwisho alikuwa Mughwai wa bucha, mtu wa kelele anayeanza kusikika kabla hajaonekana. Akanunua viberiti kwa makelele yake yote, kisha sauti ikashuka ghafla. Mkono wa kushoto. "Niongeze." Keshokutwa akaja mgambo. Halafu mama mmoja mgeni aliyeshuka kwenye treni. Watu tofauti, mkono uleule, sauti ileile ya chini, na macho yaleyale kwenye katoni. Na kila aliyeulizwa baadaye alikana, wengine kwa matusi.

Theodora akaanza kugombana na mji mzima. Watu wakasema muuzaji wa ushirika ana kiburi, anawasingizia uombaji. Ndugu Manase akamwita.

"Ndugu Theodora, wananchi wanalalamika."

"Na mimi nalalamika, Ndugu Mwenyekiti. Kila mchana wananikingia mikono."

"Usiwape. Jambo dogo hilo."

"Siwapi!"

"Basi tatizo liko wapi?"

Alitamani kumpiga kwa daftari lake la mahudhurio.

Wiki mbili baadaye alimpeleka Damari kliniki. Mtoto wa miezi saba, mwezi uliopita alikuwa na kilo saba kamili. Sasa hakufika sita. Nesi akatazama kadi, akamtazama Theodora, akaanza kumfokea mbele ya akina mama wote. "Unampa nini huyu mtoto? Maziwa, au maji ya kuoshea vyombo?" Theodora alikuwa ananyonyesha mpaka mgongo unamuuma. Damari hakuharisha, hakuwa na homa, alinyonya kwa pupa kisha akacheka. Alikuwa anapungua tu. Theodora akapewa dawa ya minyoo, akarudi nyumbani analia kwa hasira. Hasira ile ya kulaumiwa kwa kosa ambalo hata wewe hulioni.

Ndipo akaamua kumpima mwenyewe. Ile mizani ya duka ilikuwa ya sahani mbili, moja ya bidhaa na nyingine ya mawe. Akampima asubuhi. Akampima saa sita. Uzito uleule. Saa sita na nusu mgambo alikuja, akanunua sabuni, akanyoosha mkono wa kushoto, akanyimwa, akaondoka. Theodora akafunga mlango, akamrudisha Damari kwenye sahani.

Upande wa mawe ukazama.

Kidogo tu. Alisimama akiutazama. Kisha akafanya jambo ambalo mwenyewe hakujua kwa nini analifanya. Akachota chumvi kiganja kimoja, akaimimina kwenye sahani kando ya mguu wa mtoto. Mizani ikatulia sawasawa. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetufundisha kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Siku iliyofuata alimwacha Damari kwa Kristina. Jioni alipompima alikuwa amepungua kiganja. Siku ya pili yake akafunga duka saa tano, akajifungia ndani na mtoto. Ilipofika saa sita na nusu, mkono wa kushoto wa mtu asiyemjua ukapita katikati ya nondo za dirisha la nyuma, ukakaa wazi. Akakimbilia kwa Ndugu Manase kuomba likizo.

"Likizo? Na mzigo wa sukari unakuja? Atapima nani?"

"Mwanangu anakwisha, Ndugu Mwenyekiti!"

"Mpeleke kliniki. Serikali imejenga kliniki bure kwa ajili yako."

Damari sasa alikuwa na kilo nne na nusu. Shingo ilikuwa imeshindwa na kichwa. Theodora hakumwendea mganga wala mchungaji. Alimwendea Mzee Gabrieli, akamkuta anashona kiatu uani kwake.

"Niambie, mzee. Yote."

Mzee aliweka kiatu chini. Akatazama huku na huku, ingawa uani hapakuwa na mtu. "Ni habari ya mwaka wa njaa," alinong'ona. "Baba yangu ndiye aliyeniambia. Mama mmoja alitembea kutoka porini, mtoto amempakata mkono wa kulia. Alikuwa na mbuzi mmoja, akamtoa kwa tajiri aliyejenga nyumba ile apate mtama. Akapimiwa. Mtama ukawa mchache. Akanyoosha mkono uliobaki, wa kushoto, akasema, niongeze wa mtoto. Tajiri akamwonyesha mlango. Mtoto alifia pale barazani, mchana kama huu. Mama naye hakufika mbali."

Theodora alikaa chini, kando ya kile kiatu.

"Sasa anamlisha wa kwake," mzee akasema. "Waliofuata wote walijua. Mwarabu aliongeza. Wa hoteli alimega andazi. Wa bucha alikata utumbo. Fundi alitoa hata kitambaa cha kiraka. Kidogo tu, yeye haombi kingi. Usipompa, hujiongezea mwenyewe."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nilikwambia utoe."

"Ungeniambia kwa nini!"

"Ungesikia, mama? Ulinionyesha ukuta."

Theodora alisimama, akaenda zake bila kuaga. Hasira yake ilikuwa ya kujaza gunia, na hakuna wa kummwagia.

Kesho yake sukari ilifika. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wakasukumana, wakamtukana, wakamsifu, wakaondoka. Damari alikuwa kwenye katoni, hata kulia amechoka. Saa sita na nusu akabaki Mughwai. Akachukua kilo yake ya sukari. Kelele zake zikakatika.

Mkono wa kushoto ukanyooka juu ya kaunta.

"Niongeze."

Theodora alichota sukari kiganja kizima, akaiweka mle. Kiganja cha Mughwai hakikufumba.

"Bado."

Akaweka kingine. Sukari ikamwagika kaunta.

"Bado."

Akaweka cha tatu. Mkono ulikaa vilevile, wazi, umetulia. Macho chini, kwenye katoni. Na kutoka mle katonini Damari akatoa sauti ndogo. Kisha akanyamaza.

Hapo uvumilivu ulimwisha. Majuma yote yale, nesi, kamati, matusi, mzee na mafumbo yake, vyote vilimpanda kichwani kwa pamoja. Akapiga kaunta kwa ngumi.

"Bado nini? Umechukua cha mwanangu kila siku, na mimi sikukunyima kwa ubaya, nilikatazwa! Nirudishie! Nirudishie kipimo chake chote, na wewe leo uniongeze! Hata mimi ni mama! Niongeze na mimi!"

Kiganja kikafumba.

Mughwai akapepesa macho. Akatazama mkono wake uliojaa sukari, akamtazama Theodora. "Mama Damari," alisema polepole, "unaumwa?" Hakungoja jibu. Akatoka upesi na kifurushi chake, akimwaga sukari njia nzima.

Theodora aliinama kwenye katoni.

Damari alikuwa anacheka. Mashavu yamejaa. Mapaja yana mikunjo yake ya zamani. Theodora alimshika, akambusu, akalia, akacheka, akamkalisha kwenye sahani ya mizani. Akapanga mawe upande wa pili. La tano. La mbili. Kilo saba.

Sahani ya mtoto haikunyanyuka.

Labda amezidi, alijisemea. Labda mizani imekwama. Akamnyanyua Damari ili aitazame vizuri, akangoja mawe yaanguke kwa kishindo.

Hayakuanguka.

Sahani ilipanda kidogo tu, ikasimama. Sawasawa na mawe. Kilo saba. Na juu yake hapakuwa na kitu.

Damari akainyooshea mikono ile sahani tupu, akacheka, kicheko ambacho watoto huwachekea watoto wenzao.

Theodora alirudi nyuma. Akavuta khanga, akamtupa mtoto mgongoni, akafunga fundo kifuani huku anaelekea mlangoni. Alipokanyaga kizingiti alisikia nyuma yake mawe ya mizani yakianguka. Papo hapo khanga ikamvuta mabegani. Hakutazama. Akatoka kwenye jua, akashuka baraza, akakimbia kwa kadiri alivyoweza, na hakuweza sana.

Kristina alikuwa anatoka shuleni. Akamwona anahema, amejikunja.

"Dada, kuna nini? Hebu nikupokee mtoto." Akamchomoa Damari mgongoni, akamwinua juu. "Heh! Tazama mashavu! Mtoto wetu amerudi!" Akampapasa nepi, kama afanyavyo mwanamke yeyote aliyepokea mtoto. "Na ni mkavu kabisa."

Theodora alisimama palepale. Fundo lilikuwa bado limekaza kifuani. Khanga haikulegea. Kisha akahisi umajimaji wa vuguvugu ukitoka kwenye khanga, ukishuka kiunoni, mpaka kwenye visigino.

Kristina aliacha kutabasamu. Alikuwa anatazama mgongoni kwa Theodora.

"Mama Damari," alinong'ona. "Na huyo ni nani?"

Theodora hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda mgongoni wenyewe, ukipigapiga polepole, ukibembeleza.