Marashi Katika Chumba cha Panya

Kwenye kituo cha utafiti nje kidogo ya Voi, chumba cha panya kilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: hakuna kujipaka marashi. Panya aliyezaa akisikia harufu ngeni hupatwa na wahka, akawala wanawe mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile Daktari Nzilani alipofungua mlango akakutana na harufu nzito ya waridi, alimgeukia msaidizi wake kwa hasira.

"Branice, umejipaka nini?"

"Walai Daktari, sijapaka kitu. Hata sabuni yangu ni ile ya kipande."

Nzilani aliinama kwenye vizimba. Panya mama walikuwa wametulia tuli, kila mmoja kwenye kiota kitupu. Vitoto havikuwepo. Wala hapakuwa na tone la damu, na panya anayekula wanawe si msafi hivyo.

Kazi hii ndiyo iliyokula ujana wake. Wenzake walimcheka, eti msomi mzima anaozesha panya na kuhesabu wajukuu wao, naye akacheka nao na kurudi kazini. Alikuwa akitafuta chanzo cha ugonjwa mmoja wa kurithi unaoua figo. Hakuuchagua ovyo. Ulimuua baba mkwe wake, ukawamaliza mashemeji, kisha ukamlaza Musyimi, mume wake. Lakini mwaka huu Musyimi aliinuka ghafla, akaanza kula na kutembea, hata akawa anamletea mkewe chakula cha mchana kazini. Nzilani alimshukuru Mungu. Sasa alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na hakuna kitu duniani alichokitaka kama mtoto huyo.

Vitoto viliendelea kutoweka. Kisha harufu ikamfuata nyumbani. Alasiri moja, akiwa amejinyoosha kitandani na jua linawaka nje, alisikia kitu kikinusa, kwanza miguuni, halafu magotini, kikipanda polepole kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, mpaka kikafika tumboni, kikatulia hapo, kikavuta pumzi ndefu ya kuridhika, na shuka ikavutwa juu kidogo ilhali hapakuwa na mtu.

Kesho yake, usomi akauweka kando, akamwita Teresia, mganga wa Mahoo. Teresia alichungulia chumba cha panya, akatoka ameziba mdomo.

"Huyu jini ameletwa," alinong'ona. "Mtu wako amempa hawa watoto wa panya awe anakula. Wakiisha, mama, anakuja kwa huyo wako. Mimi namwita tu. Kumfukuza ni yule alimleta."

Musyimi alikuwa amesimama mlangoni na chakula mkononi. Alipiga magoti.

"Nilikuwa nakufa, Nzilani. Nikapelekwa kwa mtu huko ng'ambo ya Taveta. Nikaona panya ni panya tu, wako wengi."

"Na mtoto? Ulijua atafika kwa mtoto?"

Musyimi alitazama sakafu. "Niliambiwa."

Nzilani aliumia hata akakosa machozi. Ujana wake wote alikuwa ameumwaga kwenye figo za mtu huyu, naye akamuuza yeye na tumbo lake.

"Mfukuze," alimwambia mumewe.

"Akienda, ugonjwa unarudi," Teresia alionya.

"Nitamuuguza. Nimeshawahi kumuuguza. Musyimi, nitakuuguza, tafadhali."

Musyimi aliitikia kwa kichwa. Wakaingia wote watatu. Teresia akafukiza ubani, na harufu ya waridi nayo ikazidi, ikawa tamu ya kutapisha, vizimba vikaanza kutetemeka kwenye rafu zake, vyuma vikagongana, maji yakachuruzika kutoka kwenye chupa, na panya wote, wakubwa kwa wadogo, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakageuka kwa pamoja, wakatazama tumbo la Nzilani.

"Sasa!" Teresia alihema. "Mwambie atoke!"

Musyimi alimshika mkewe mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto, kiganja cha mtu mwenye afya tele. Machozi yalimtiririka. Kisha akauachia ule mkono, akampa mkewe mgongo.

"Usiniache," alisema kwa unyenyekevu, na hakuwa akisema na mkewe.

Ndani ya tumbo, mtoto aliacha kucheza.