Jina Lililoitikiwa Kisiwani

Watu wa pwani hujisifu sana kwa majini yao, majini ya udi na marashi, yanayompanda mtu kichwani na kudai pete. Waache wajisifu. Mimi nitawapa la huku kwetu ziwani, ambalo halikudai hata chembe ya ubani, na mkimaliza mtaniambia wenyewe nani ana majini.

Nestory Malimi, fundi mitambo wa kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba pale Nyakato, alikuwa na mtoto asiyelia. Sisemi asiyelia sana, nasema asiyelia. Mashine za kiwanda zikinguruma hadi vyombo vinatikisika kabatini, yeye amelala. Akichomwa sindano kliniki, anamtazama nesi kama mtu anayemsamehe. Kwa hiyo siku kivuko kilipong'oa nanga upande wa Uganda kuwapeleka visiwa vya Sese kula Krismasi, na mtoto akapiga ukelele mmoja mrefu huku macho ameyakaza kwenye maji, mama yake alimvutia kifuani, akamgeukia mumewe.

"Baba Jovi, huyu ana nini?"

"Upepo. Mfunike."

Haukuwa upepo.

Safari aliitaka mama mtu, Kokushubira, Mhaya wa Kamachumu, mwanamke msomi na mzuri wa kupiga picha. Kila mwaka, alisema, Krismasi ni Kisesa kwa mama mkwe, kuku yuleyule, viti vilevile. Mwaka huu na wao wavuke mpaka, mtoto apate kumbukumbu. Bibi Suzana, mama yake Nestory, hakupenda. "Mnampeleka mtoto kwenye maji ya watu, na hana jina?"

Jina alikuwa nalo. Cheti kilisema Jovinary. Ila kwenye ukoo wa Nestory jina la cheti ni la serikali tu. Jina lenyewe mtoto hulichagua mwenyewe: akishikwa na kilio kisichobembelezeka, huitwa marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na yule ambaye akitajwa mtoto ananyamaza, basi ndiye aliyerudi. Sasa asiyelia utamjulia wapi? Bibi alikuwa amesubiri tangu azaliwe, mpaka akaanza kumlaumu mkwewe kwamba kazaa sanamu.

Kwa hiyo Nestory alipompigia simu kutoka ufukweni, mchana wa mkesha, mtoto bado analia tangu kivukoni, sauti imeshamkauka, bibi badala ya kuhuzunika alipiga vigelegele.

"Analia? Analia kweli? Ng'wanone, mwanangu, huyo anataka jina! Weka simu sauti kubwa, nimsikie!"

"Mama, anaumwa huyu," Kokushubira alisema.

"Haumwi. Mwiteni Chenge!"

Nestory akamwinua mtoto juu. "Chenge!" Mtoto akalia.

"Nkwabi!" Akalia zaidi.

"Mwite Ngosha, yule mlevi. Tusibague, hata walevi ni wetu."

Nestory akacheka, akaita. Wakamaliza upande wa baba, wakaingia upande wa mama, wakafufua hadi watu ambao bibi mwenyewe hakuwa na hakika kama walizaliwa. Mtoto analia tu. Kisha mtandao ukakatika.

Hapo mbele yao, kwenye mchanga, ulikuwepo mtumbwi mmoja wa mbao, mkukuu, umeegama ubavu. Wageni wote walijianika mbali nao, na Nestory aliona ni bahati, wana kivuli peke yao. Ubavuni uliandikwa jina kwa rangi nyeupe. Na yeye, kwa kuchoka, na kwa lile pepo la utani alilonalo kila fundi, akamgeuzia mtoto kule akasema, "Haya, mzee, labda wewe ndiye Sembatya?"

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza kwa kupunguza, kama watoto wanavyobaki na kwikwi. Alikata, kama unavyozima redio. Akamtazama baba yake usoni, akatabasamu, na Kokushubira akahesabu, bila kutaka, meno ambayo asubuhi hayakuwepo.

"Rudisha," alinong'ona. "Nestory, mwambie ulikuwa unatania."

"Namwambia nani?"

Jioni mpishi wa pale, mama mmoja Mganda aliyekuwa akimbeba mtoto tangu wafike, alileta chakula, akaona yule mtoto amekaa kimya mkekani anavuta mikono kifuani na kuirusha mbele, kuivuta na kuirusha, akaishia mlangoni.

"Nyinyi, nani aliita hiyo jina?"

Nestory akajifanya haelewi.

"Hiyo mtumbwi haina mwenyewe," mama akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuja yenyewe kutoka ndani ya ziwa, hakuna mtu, kasia zimelowa. Sisi tunaona ile jina, hatuitaji. Hapa hata mtoto wa shule anajua kusoma na kunyamaza."

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Mimi najua? Mimi sijaita." Akaweka chakula mlangoni, na tangu hapo hakumgusa tena mtoto.

Waliondoka asubuhi ya Krismasi bila kula pilau. Mpakani Mutukula askari wa uhamiaji aliinama dirishani, akamwangalia mtoto aliyefungwa kwenye kiti chake cha nyuma, akauliza kwa heshima, "Na mzee je, naye ana hati?" Halafu akashtuka, akafuta macho, akacheka peke yake. "Samahanini. Jua hili." Nestory alicheka naye. Kokushubira hakucheka. Alikuwa ameanza kusikia, tangu Masaka, chini ya muungurumo wa gari, sauti ya maji yakipigwa na kasia, taratibu, mtu asiye na haraka, na kila walipopita kijiji chenye watu na kengele za kanisa ile sauti ilinyamaza, na walipoingia tena kwenye mapori ya Biharamulo ilirudi ikiwa karibu zaidi, na gari zima likanuka tope, si tope la mvua, bali lile la chini kabisa ya ziwa, jeusi, linalonuka kama kitu kilichofungiwa tangu zamani na hakijui kwamba kimekufa.

Nyumbani Nyakato mtoto hakulia tena, wala hakucheka, wala hakulala. Alinyonya na kuvuta makasia yake ya hewa. Godoro lilikuwa linalowa upande wake, na walipolianika juani halikukauka. Padre alikuja, akasoma, akanyunyiza. Mtoto akalamba maji ya baraka midomoni kama mtu anayepima chumvi. Ndipo Kokushubira, msomi, aliyekuwa akiwaambia wenzake kwamba waganga ni wizi mtupu, alipovaa kitenge akasema, "Waitu, jamani, nipelekeni popote."

Wakampeleka Bujora kwa mzee Shigela. Simsemi vibaya Shigela; katika waganga wa upande wa Kisesa sijaona anayemfikia, na mimi nimeona wengi. Aliwapokea wao na bibi Suzana uani, mchana kweupe, akasikiliza yote, akajigamba kidogo.

"Jini lina nguvu wakati hujui jina lake. Hili limejiandika ubavuni kama basi! Kazi ndogo."

Akamlaza mtoto juu ya ngozi, akachoma dawa, akamzunguka, akapiga mguu chini. "Sembatya! Nakuita kwa jina. Toka!"

Na lilitoka. Hapo ndipo wengi wanaosimulia hukosea, wanasema mganga alishindwa. Hakushindwa. Ile harufu ya tope iliondoka uani kama pazia limevutwa, makasia yakanyamaza masikioni mwa Kokushubira, bibi akaanza kigelegele. Kisha wakaona mtoto hapumui.

"Ni uchovu," alisema Nestory.

Shigela akaweka sikio kifuani pa mtoto. Aliponyanyua uso hakuwa tena na majigambo. "Mlimpa mtoto jina la jini hili," akasema polepole. "Nimemwambia Sembatya atoke. Sembatya ni huyu. Hakuna mwingine humu wa kubaki."

"Mwite basi kwa jina lake!" Kokushubira alipiga kelele. "Jovinary! Jovi! Mwanangu!"

Bibi naye akapiga magoti. "Chenge! Nkwabi! Ngosha, hata wewe, njoo umshike mtoto!" Akawaita wote aliowaita kwenye simu na wengine zaidi, akalia huku akiwatukana, na hakuna hata mmoja wao aliyejali kurudi, na vidole vya mtoto vikaanza kuwa vya bluu kwenye kucha, na Nestory amesimama na mikono yake mikubwa ya fundi, mikono iliyozoea kufufua mashine, haijui pa kushika, na Shigela anamtazama mama mtu kwa jicho la mtu anayejua njia iliyobaki na hathubutu kuisema kwa mdomo wake.

"Nikimwita yule," Kokushubira alinong'ona, "atarudi na mwanangu?"

"Atarudi," Shigela alisema. "Mwanao, sikuahidi."

"Mke wangu, usi..." Nestory alianza.

"Wewe uliita kwa utani. Nyamaza."

Akakunja kitenge, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mtoto wake mwenyewe, akainamisha kichwa kama anavyoinamishiwa mkubwa wa nyumba.

"Shikamoo, Sembatya."

Upepo haukuvuma, kuku waliendelea kuchakura uani. Kifua kidogo kikapanda. Macho yakafunguka, yakamtazama kwa utulivu, na sauti nzito, nzee, ya Kiswahili safi cha kwetu, ikatoka kwenye ule mdomo mdogo wenye maziwa.

"Marahaba, mwanangu."

Kokushubira akafungua vifungo vya blauzi, akampakata.