Nati Iliyokazwa Kimyakimya

Kila asubuhi kabla ya saa moja, Kiroboto alikuwa na kazi mbili: kupanga trei za mayai nyuma ya gari la mama yake, na kuvumilia manung'uniko. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari ya shule. Nyumbani aliitwa Kiroboto kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja hata dakika mbili.

Mama aliuza mayai kwa jumla madukani, na nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko.

"Hebu tazama," mama alisema, akivuta breki ya mkono. Ka-ka-ka-ka-ka, mkono ukapanda mpaka juu. "Naivuta kama ninateka maji kisimani!"

"Fundi alisema turudi Jumamosi, mama. Viatu vya breki za nyuma vimekwisha."

"Nimesikia. Na wewe usiguse kitu humu ndani. Taa ya nyuma uliyoivunja bado naikumbuka."

Lakini Kiroboto alikuwa na siri. Walipokuwa gereji, alimwona fundi akifunua kifuniko kati ya viti vya gari jingine na kugeuza nati ndogo kwa spana, na waya wa breki ya mkono ukakazika. Maelezo yaliyofuata hakuyasikia. Alishakimbilia kuchungulia injini ya lori. Kwa hiyo Jumatano jioni, mama akiwa jikoni, alichukua spana akaikaza nati ile mpaka mkono ukamuuma. Alitaka tu mama apumzike.

Kesho yake breki ilishika mapema kabisa. Mama akacheka. "Kumbe fundi alipopita jana kujaza upepo kwenye magurudumu aliikaza! Mtu wa maana yule."

Kiroboto alifungua mdomo. Akaikumbuka taa. Akaufunga.

Siku hiyo gari lilikuwa zito, kama linavuta kitu. Ijumaa asubuhi ikaanza harufu ya kitu kinachoungua.

"Kuna mtu anachoma mpira huko nje," mama alisema, akapandisha kioo.

Walipoanza kushuka barabara ya sokoni, mama alikanyaga breki na pedali ikazama kama imetumbukia kwenye matope. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Akavuta breki ya mkono. Hakuna kitu.

"Mama!"

"Nyamaza, jishike!"

Mama akashusha gia, injini ikalia, gari likapungua kasi lakini halikusimama. Kiroboto alishika mkanda kwa mikono yote miwili. Hakuwa na la kufanya. Aliona mgongo wa mtu mwenye baiskeli ukikaribia, ukikaribia. Mama akapiga honi, akakata kushoto, gari likajichomeka kwenye lundo la mchanga wa wajenzi. Trei zikaruka. Mayai yakachuruzika chini ya viti.

Hakuna aliyeumia. Lakini lori la gereji lilipowavuta hadi gereji, mama alimwendea fundi akiwa hashikiki.

"Wewe ndiye uliyegusa breki zangu Jumatano! Ulitaka kuniua mimi na mwanangu?"

Fundi Taratibu, mzee aliyepewa jina hilo kwa kutokuwa na haraka, alichukua jeki. Aliinua nyuma ya gari, akashusha breki ya mkono, akajaribu kuzungusha gurudumu. Lilizunguka kwa shida tu. Akalegeza waya, akavua gurudumu na kuitoa ngoma ya breki. Ndani, viatu vinavyobana ngoma vilikuwa vyeusi kama makaa, na mafuta ya breki yalikuwa yametapakaa kila mahali.

"Breki ilikuwa inashika muda wote," alisema. "Joto limeunguza mpira wa silinda inayosukuma viatu, mafuta yakavuja. Pedali ingekamata nini? Na viatu vikilowa mafuta, hata breki ya mkono haishiki." Akainama kati ya viti. "Nati imekazwa kupita kiasi."

Mwenye gereji alikunja mikono. "Fundi, ni wewe?"

"Nilijaza upepo tu..." Mzee alijipangusa paji la uso. Kiroboto alitamani ardhi ipasuke immeze. Kama mzee angepiga kelele, angeweza kuendelea kunyamaza. Lakini fundi alitazama mikono yake mwenyewe, akasema polepole, "Jumatano nilishika magari mengi. Labda niliikaza nikasahau. Labda nimezeeka. Kama ni mimi, bosi, nitaacha kazi."

"Si wewe!" Sauti ilimtoka Kiroboto kabla hajajua. "Ni mimi, babu. Nilikaza kwa spana ya mama. Nilidhani nasaidia."

Machozi yakaendelea kusema yaliyobaki. Mama alimtazama, kisha akamgeukia fundi. "Mzee wangu, nimekutukana mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu hawa hawa."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi kazini. Baadaye, viatu vipya na silinda mpya vikiwa vimeshafungwa pande zote mbili, akamwita Kiroboto. "Kaa kwenye kiti cha dereva, unisaidie kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shika, usiachie."

"Kanyaga! Shika! Achia!" Walirudia mpaka pedali ikawa ngumu. Hapo ndipo alipougusa waya, mwisho kabisa. "Breki ya nyuma inatengenezwa kuanzia kwenye gurudumu," alisema. "Ukikaza waya wakati viatu vimekwisha, unaficha ugonjwa."

Mama alikuwa akifuta mayai kwenye viti. Alisema bila kuinua kichwa:

"Umesikia? Kukaza nati lilikuwa kosa la mtoto asiyejua, na hilo ningekusamehe siku ile ile. Kunyamaza ndiko kulikotupeleka mchangani, na nusura kumponze mzee wa watu apoteze kazi. Ukiharibu, sema upesi, hata kama unatetemeka. Sasa chukua kitambaa, uje ufute huku chini."

Kiroboto akachukua kitambaa, akapiga magoti.